Klemu ya plasta ya mguu wa mtoto imegoma huku Marekani? Anza kutafuta tatizo hapa

Hii naandika kwa watu wa aina mbili wanaoniuliza maswali yaleyale karibu kila wiki. Wa kwanza ni ndugu zetu wanaofanya bili kwenye kliniki ndogo za mifupa huku Marekani, hasa walioanza juzijuzi. Wa pili ni wazazi ambao mtoto kavunjika mguu, kafungwa plasta (hogo, kama wengi tunavyoliita), halafu baada ya mwezi inakuja barua ya bima yenye mistari sita na hakuna hata mmoja unaoeleweka.

Kitu kimoja kishike kwanza maana kila kitu huku chini kinakitegemea. Kwenye bili ya plasta kuna vitu vitatu tofauti: kuna matibabu ya mfupa wenyewe, kuna kazi ya kufunga plasta, na kuna vifaa, yaani bandeji, pamba ya ndani na ile soksi. Bima inaviangalia kimojakimoja kwa sheria tofauti. Klemu (madai ya malipo yanayotumwa bima) nyingi sana nilizozishika zikiwa zimegoma, ama mtu alivichanganya hivi vitatu, ama alichagua namba ya vifaa bila kuangalia mtoto ana miaka mingapi.

Namba za vifaa vya mguu kwa watoto wa miaka 0 hadi 10 ni hizi, zibandike ukutani:

Q4027 na Q4028, plasta inayopanda mpaka kiunoni
Q4031 na Q4032, plasta ndefu, kuanzia pajani mpaka vidoleni
Q4035 na Q4036, ile inayoishia kifundoni, mguu wa chini wazi
Q4039 na Q4040, plasta fupi, chini ya goti
Q4043 na Q4044, banzi (splinti) refu
Q4047 na Q4048, banzi fupi

Namba witiri ni plasta ya kawaida ile nyeupe ya jasi, namba shufwa ni faibaglasi. Mimi hiyo ndiyo iliyonisaidia kuacha kukosea, ukiona Q4039 ujue jasi, Q4040 faibaglasi, na kwa mguu wote ni hivyo hivyo. Za wakubwa, kuanzia miaka 11, zinakaa juu yake palepale, mfano plasta fupi ya mkubwa ni Q4037 na Q4038.

Imerudi na CO-6: namba hailingani na umri

CO na namba yake ni alama ya bima inayosema kwa nini imekataa kulipa. Sababu ya kwanza kabisa, na ndiyo nyingi: kliniki ina fomu yake ya haraka ambayo ina namba za wakubwa tu, fundi wa plasta anaweka alama kwenye "plasta fupi faibaglasi", mfumo unatoa Q4038 wakati mtoto ana miaka sita. Fungua klemu, angalia umri, weka Q4040, tuma kama klemu ya marekebisho na sio klemu mpya, maana ukituma mpya itarudi na CO-18 kwamba ni marudio na hapo umejiongezea kazi.

Ya pili, mtoto katimiza 11 katikati ya matibabu. Umri unaohesabiwa ni wa siku aliyofungwa, sio siku unayotuma klemu. Plasta ya kwanza kafungwa ana miaka 10 inakwenda Q4040, ya pili wiki tatu baadaye ana 11 inakwenda Q4038, na zote mbili ziko sahihi.

Ya tatu watu wengi hawaifikirii na inatugusa sisi hasa. Tarehe ya kuzaliwa imeingizwa vibaya. Sisi tumezoea kuandika siku kwanza halafu mwezi, huku mwezi unatangulia, kwa hiyo 03/08 ya mama ni tarehe tatu mwezi wa nane lakini mapokezi wanaingiza Machi tarehe nane. Na familia nyingi zilizokuja kama wakimbizi watoto wameandikiwa tarehe 1 Januari kwenye makaratasi, unakuta ndugu watatu wote wana siku moja ya kuzaliwa, na majina ya ukoo ni yaleyale, mfumo wa bima unawachanganya. Hapo linganisha kadi ya bima na kile kilichoko kwenye kliniki herufi kwa herufi.

Ya mwisho, na hii ni nadra, mtoto wa miaka tisa ana mwili mkubwa, bandeji zilizotumika ni nyingi kama za mkubwa, na daktari anaona walipwe ya mkubwa. Haiwezekani. Namba zinafuata umri, sio ukubwa wa mguu.

ACHA HAPO: usibadilishe tarehe ya kuzaliwa kwenye mfumo ili klemu ipite, hata kama unaona kabisa bima ndiyo wenye makosa. Mzazi ndiye anayerekebisha kule bima au ofisi ya Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kwa kupeleka karatasi zake, wewe subiri halafu utume tena.

Imerudi na CO-97: eti tayari imo kwenye malipo ya kitu kingine

Hii ndiyo inayowaumiza watu kichwa kuliko zote, na kosa linaloongoza ni kukata tamaa mapema, mtu anaona CO-97 anafuta mstari anasonga mbele, kumbe pesa ya vifaa ilikuwa halali yao.

Kwanza angalia ni mstari upi uliokataliwa. Usisome barua yote, tafuta huo mstari tu.

Kama uliokataliwa ni kazi ya kufunga (29405 kwa plasta fupi, 29345 kwa ndefu) na siku hiyohiyo mlituma namba ya matibabu ya mfupa, mfano 27750 kwa mfupa wa muundi uliotibiwa bila kuvutwa, basi bima wako sahihi. Plasta ya kwanza imo ndani ya 27750, pamoja na kumfuatilia mtoto kwa siku 90. Huo mstari uache. Lakini vifaa havimo ndani ya 27750! Kama kliniki ndiyo iliyonunua bandeji, Q yake inadaiwa pembeni. Daktari anaweza pia kuchagua njia ya pili, asidai 27750 kabisa, adai kila kitu kivyake: kumwona mtoto, kumfunga, na vifaa. Njia zote mbili zinakubalika, kuzichanganya ndiyo hapana.

Kama uliokataliwa ni wa Q wenyewe, cheki mahali pa huduma. Namba 11 ni kliniki, 22 na 19 ni idara ya nje ya hospitali, 23 ni emajensi. Ukiwa na 22, 19 au 23, bandeji zilikuwa za hospitali, hospitali ndiyo inayodai kwenye bili yake, daktari hadai vifaa. Mara kadhaa nimekuta daktari ana kliniki siku tatu na hospitalini siku mbili, mfumo ukabaki na 22 wiki nzima, vifaa vyote vya kliniki vikagoma. Kubadilisha hiyo ni dakika moja ila hakikisha kwenye ratiba kwamba kweli siku ile alikuwa kliniki. Wakati mwingine bima inairudisha na CO-5 badala ya CO-97, dawa ni ileile.

Baada ya hapo angalia kama vifaa vimedaiwa mara mbili kwa majina mawili. Kuna bima hazitaki Q, zinataka A4580 kwa jasi na A4590 kwa faibaglasi, basi mtu kwa kujihami anaweka zote, Q na A. Wapi! Chagua moja, ile ambayo bima hiyo inaitaka kwa maandishi. Na 99070, ile namba ya jumla ya vifaa, iache kabisa kama kuna Q inayofaa, bima nyingi hazitaki hata kuiona.

Halafu kuna plasta za kubadilisha. Wiki ya tatu uvimbe umeshuka, plasta inacheza, mtoto anafungwa nyingine ndani ya zile siku 90. Vifaa vipya vinadaiwa tena. Kazi ya kufunga nayo inaweza kudaiwa kwa sababu ni plasta ya kubadilisha, sio ya kwanza, mara nyingi kwa modifaya (alama ya nyongeza kwenye namba) 58 ikiwa kubadilisha kulikuwa kwenye mpango, ila noti ya daktari ya siku ya kwanza iseme hivyo, "tutabadilisha baada ya wiki tatu", sentensi moja tu hiyo imeokoa rufaa nyingi. Kukata plasta (29705) hamdai kama ninyi wenyewe ndio mliyoifunga. Ingefungwa kwingine mkaikata ninyi, hapo sawa.

Na wazazi mnisikilize kwenye hili la kubadilisha. Plasta ikilowa au ikibana piga simu kliniki. Vidole vya mguu vikiwa vya baridi, vimepauka au vimekuwa bluu, mtoto hawezi kuvichezesha, au maumivu yanaongezeka hata baada ya dawa, usiulize bima inalipa plasta ya pili au hailipi, nenda emajensi sasa hivi. Mambo ya klemu yana rufaa, mguu hauna.

Imerudi na CO-11: ugonjwa haulingani na huduma

Anza na rahisi, kulia na kushoto. Namba ya ugonjwa inasema mguu wa kulia, modifaya inasema LT, yaani kushoto. Mfano S82.244 ni mfupa wa muundi wa kulia uliovunjika kwa kuzunguka bila kuachana, S82.245 ni wa kushoto. Rekebisha kufuatana na noti, sio kufuatana na unavyokumbuka.

Pili ni herufi ya mwisho ya namba ya ugonjwa. A ni wakati wa matibabu yenyewe, D ni wakati mfupa unaendelea kupona vizuri. Kubadilisha plasta na kuikata ni D. Mtu akinakili ugonjwa wa siku ya kwanza kwa ziara zote, A inaendelea mpaka wiki ya sita, na bima nyingine inaanza kuuliza huyu mtoto kavunjika mara ngapi.

Sasa hii ya tatu ndiyo nataka muielewe vizuri. Watoto wadogo wanaojifunza kutembea huwa wanapata ufa kwenye mfupa wa muundi kwa kuteleza tu, mguu ukizunguka. Siku ya kwanza eksirei inaweza isionyeshe chochote. Mtoto anachechemea, hataki kukanyaga, daktari kwa busara anamfunga na anaandika "inawezekana kavunjika". Kwa huduma za nje ya wodi, sheria za ICD-10 (orodha ya namba za magonjwa) hazikuruhusu kuandika kuvunjika kwa neno "inawezekana", unaandika dalili, mfano M79.661 maumivu ya mguu wa kulia chini ya goti. Halafu bima inaona vifaa vya plasta kwa maumivu ya mguu, inakataa, maana bima nyingi zinalipa Q kwa mfupa uliovunjika au kuteguka. Kila mtu kafanya sawa na klemu imegoma.

Usirudi nyuma kubadilisha dalili kuwa kuvunjika. Hata kama baada ya siku 10 hadi 14 eksirei ya pili inaonyesha mfupa mpya unaota na sasa kuvunjika kumethibitika, hiyo inaandikwa kuanzia ziara hiyo. Ya siku ya kwanza unaikatia rufaa: barua fupi, noti ya siku ya kwanza inayoeleza kwa nini alifungwa, na ripoti ya eksirei ya pili. Hizi huwa nazipigania mpaka mwisho, mtoto alihitaji plasta na alifungwa, hakuna aliyedanganya.

Mguu kifundo, yaani mguu uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, nao una mtego wake. Ugonjwa ni Q66.01 kwa kulia na Q66.02 kwa kushoto, na hiyo Q ni ya magonjwa, haihusiani na Q ya vifaa, nimeshaona mtu kaziweka kinyume. Kazi ya kufunga ni 29450, sio 29345, ingawa plasta ni ndefu. Mtoto anafungwa upya kila wiki, kwa kawaida plasta tano hadi saba hivi, kila moja na vifaa vyake, Q4031 kama ni jasi. Bima inayodai Q ni ya kuvunjika tu itakataa, na Medicaid kwa kila jimbo ina utaratibu wake, kwa hiyo piga simu kabla ya plasta ya pili, usisubiri zigome saba. Ile plasta ya kwanza uiombe uamuzi wa maandishi.

Wamelipa moja tu, au wamesema idadi imezidi

Namba ya Q ni plasta moja nzima, sio bandeji moja. Fundi katumia bandeji nne, idadi bado ni 1. Miguu yote miwili ikifungwa plasta fupi, hapo ni mbili, mistari miwili yenye RT (kulia) na LT au jinsi bima hiyo inavyotaka. Lakini ile ya kiunoni, Q4027 na Q4028, ni moja hata ikishika miguu yote miwili, namba yenyewe inasema mguu mmoja au miwili.

Buti la kutembelea baada ya plasta sio vifaa vya plasta. Lina namba za L na mara nyingi linahitaji kliniki iwe imesajiliwa kama msambazaji wa vifaa vya aina hiyo. Kama hamjasajiliwa mpeni mzazi karatasi ya daktari achukue kwingine.

ACHA HAPO: ukigundua mmekuwa mkidai idadi kwa bandeji, au za wakubwa kwa watoto, na bima wamekuwa wakilipa kimyakimya, usirekebishe kuanzia leo ukanyamaza. Mpelekee mwenye kliniki siku hiyohiyo, kwa maandishi, na aite mwanasheria wa mambo ya afya au mkaguzi wa bili mwenye cheti. Kwa Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) na Medicaid sheria ya shirikisho inataka pesa iliyozidi irudishwe ndani ya siku 60 tangu ibainike, na kukaa nayo kwa makusudi ni kosa kubwa kuliko kosa la kwanza.

Kimya. Wiki sita hakuna jibu

Mara nyingi sana kuna fomu nyumbani kwa mzazi haijajibiwa. Bima ikiona mfupa umevunjika inatuma barua kuuliza ilitokeaje, gari, shuleni, kwa jirani, maana labda bima nyingine ndiyo inatakiwa kulipa. Mzazi anaona ni tangazo anaitupa, au anaogopa kwamba akisema mtoto alianguka kitandani ataonekana mzembe. Jamani jibuni hiyo fomu, jibuni ukweli kwa kifupi, "kateleza akikimbia nyumbani" inatosha. Bila hiyo klemu inakaa tu.

Sababu inayofuata ni bima mbili, baba anayo na mama anayo. Hapa hamchagui nani aanze. Kwa wazazi wanaoishi pamoja kawaida inaanza bima ya yule ambaye siku yake ya kuzaliwa inatangulia kwenye kalenda, mwezi na siku tu, mwaka hauhesabiwi. Mama wa Februari na baba wa Septemba, ya mama inatangulia hata kama baba ni mkubwa kwa miaka kumi. Wakiwa wameachana na kuna amri ya mahakama, amri ndiyo inayofuatwa. Medicaid inakuja mwisho. Klemu ikirudi na CO-22 ujue ni hili.

Na wewe wa kliniki usikae ukisubiri, kila bima ina muda wake wa mwisho wa kupokea klemu na nyingine ni siku 90 tu, ukipitiliza inarudi CO-29 na mzazi hutakiwi kumdai.

Mzazi: bili imekuja kubwa, inanitaka nilipe

Usilipe siku hiyo. Tafuta karatasi ya EOB ya bima (ile inayoeleza bima imelipa nini na imekataa nini) kwa tarehe ileile, tazama herufi mbili za mwanzo kwenye kila mstari, kama bima yako inaziandika. CO maana yake ni mzigo wa mtoa huduma aliye kwenye mtandao wa bima yako (mwenye mkataba nayo), hatakiwi kukuletea wewe. PR ndiyo yako: PR-1 ni ile pesa ya mwanzo ya mwaka ambayo unaibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, PR-2 ni asilimia yako, PR-3 ni ile ya kila ziara. Kama bili inakudai kitu ambacho EOB inasema CO, piga simu ofisi ya bili, sema hayo maneno, soma mstari. Mtoto akiwa na Medicaid na huduma inalipwa na Medicaid, mtoa huduma aliyeikubali hawezi kukuongezea juu.

Bili mbili kwa siku moja, moja ya hospitali moja ya daktari, sio wizi, ndivyo wanavyofanya. Ila vifaa vya plasta vikiwa kwenye zote mbili hapo omba bili ya mchanganuo, yenye namba, uziweke mezani pamoja.

Kama ilikuwa emajensi kwenye hospitali isiyo kwenye mtandao wako, tangu 1 Januari 2022 kuna sheria ya shirikisho inayozuia wasikudai zaidi ya ambavyo ungelipa ndani ya mtandao. Ambulensi ya barabarani haimo humo kwa bahati mbaya.

Bima imekataa kabisa? Kwa bima nyingi una siku 180 tangu upate barua ya kukataliwa kuomba waangalie upya, wakikataa tena una miezi minne kuomba mtu wa nje aamue. Peleka kwa maandishi, bakiza nakala. Lugha ikiwa tatizo omba mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, bima na hospitali zinazopokea pesa za serikali ya shirikisho zinatakiwa zikupe bila malipo, usimtumie mtoto wako wa darasa la sita kutafsiri mambo ya pesa.

Ukishaona deni ni lako kweli na huna, uliza fomu ya msaada wa kifedha kabla ya kukubali mpango wa malipo. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kupokea ombi lako mpaka siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, hata kama deni limeshapelekwa kwa wakusanya madeni. Ukiletewa karatasi ya mahakama kuhusu hilo deni, hapo simu ya kliniki haisaidii tena, tafuta ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyohiyo maana muda wa kujibu mahakamani ni mfupi.